Sehemu Nene ya Ng'ombe wa Letha

Siku waliyomzika kaka yake, Arminta Caudill alikula sahani mbili za maharagwe na pande kubwa la mkate wa mahindi, akajifuta mdomo, kisha akauliza kama ile keki ya matufaha imebaki. Watu waliona. Huko bonde la Turkeypen, kwenye milima ya makaa ya Kentucky, watu husahau mengi, lakini hawasahau nani alikula vipi msibani.

Tusimsingizie lakini. Delmas alikuwa kaka yake wa pekee, na alimpenda kuliko mtu yeyote. Paa la mgodi lilimshukia Jumanne asubuhi akiwa na miaka ishirini na tisa, wakamtoa Jumatano, wakamzika Ijumaa juu kilimani, na muda wote huo Arminta alikuwa akingoja machozi kama mtu anavyongoja chafya iliyokwama puani. Hayakuja. Alikuwa amekufa ganzi kuanzia utosini. Akajiambia, nitalia kesho. Kesho ikapita, mwezi ukapita, mwaka ukapita, naye anapika, anafua, anakwenda kazini, watu wakicheka anacheka. Ukimwuliza habari, nzuri. Wala hakuwa akidanganya, maana hata ingekuwa mbaya asingeihisi.

Baba yake, mzee Hobert, alipigwa kwa namna nyingine. Huyu, mchimba makaa naye, alikuwa mpiga fidla, tena si wa kubahatisha. Akishika upinde, hata wenye miguu mibovu walikuwa wakitafuta pa kukanyaga. Mwezi haujaisha tangu maziko, akawaendea wazee wa kanisa akaomba kubatizwa. Ilikuwa Februari. Wakavunja barafu mtoni kwa shoka, wakamzamisha na suti yake, na alipotoka majini alikuwa amemalizana na fidla. Hakuna aliyemlazimisha. Kanisa lile wanaimba kwa midomo mitupu, mmoja anatangulia mstari na wengine wanaufuata wakiuvuta, na fidla wanaiita sanduku la ibilisi. Mtu akiokoka anaiweka chini, basi, hakuna mjadala. Mzee Hobert aliifunga kwenye kisanduku chake akaisukuma chini ya kitanda mpaka ikagota ukutani.

Sasa kulikuwa na wimbo mmoja. Jumamosi jioni, enzi hizo, baba alikuwa akikaa barazani na fidla, Delmas na banjo, na Arminta kwenye ngazi akimenya maharagwe mabichi. Wimbo wenyewe uliitwa Ng'ombe wa Letha Hataki Kuvuka. Haukuwa na maneno, kama zilivyo nyingi za nyimbo za fidla, na ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza wanaiita nyembamba, kwa kuwa hupigwa kwenye nyuzi nyembamba. Ya pili wanaiita nene, hiyo hushuka chini kwenye nyuzi nene. Nyembamba ilikuwa na kilema chake: katikati unakuja mpigo mmoja wa ziada, pale ng'ombe anapogoma mtoni, na mgeni akijitia kuucheza lazima ajikwae. Nene Arminta hakuikumbuka. Alikumbuka tu kwamba wakifika hapo Delmas alikuwa akifumba macho na baba akitabasamu. Bondeni kote hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuupiga. Ulikuwa wimbo wa nyumba ile.

Miaka mitano baada ya maziko, mjane wa Delmas, Oneida, alisimamisha gari mbele ya nyumba. Alikuwa ameolewa tena, anahamia Ohio.

"Wifi, chukua banjo hii," alisema dirishani, gari likiwa linanguruma. "Mume wangu mpya akiiona ananuna kutwa nzima."

"Hata wewe hutaki kubaki nayo?"

"Mimi nimelia mpaka basi, wifi. Nimekwisha."

Arminta alisimama na ile banjo mkononi akaona kijicho. Au niseme alijua kwamba hapo mtu mwingine angeona kijicho. Mwenzake amelia, amemaliza, anakwenda zake Ohio. Yeye hata hajaanza. Ndipo likamwingia wazo ambalo halikumtoka tena: huenda machozi yake yamo kwenye wimbo ule. Akiupata wote, nyembamba na nene, kama walivyokuwa wakiupiga wale wawili, huenda kitu kitafunguka naye aomboleze kama watu. Hakutaka kuwa mwanamuziki. Alitaka kumlilia kaka yake, hilo tu, na hakujua njia nyingine.

Mkono alifundishwa na majirani. Ukucha unashuka kwenye uzi, kidole gumba kinadokoa ule uzi mfupi wa kando, na mkono usikimbie. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, vidole vigumu kwa kuosha masufuria ya shule, lakini ganzi nayo ina faida zake: hakuona haya wala hakukata tamaa. Baada ya nusu mwaka akawa anaweza kuzifuata nyimbo za kawaida. Ng'ombe wa Letha, hakuna wa kumfundisha ila mmoja, na huyo haombwi. Kumwomba mtu aliyeokoka akupe wimbo ni sawa na kumwomba mlevi aliyetubu akuonjee gongo uone kama imeiva.

Basi akawa anaupapasa peke yake. Jumapili moja baada ya ibada, maharagwe yamekwisha kuliwa, mzee yuko sebuleni na Biblia yake, Arminta yuko jikoni na banjo. Akajaribu nyembamba kwa kubahatisha, akafika pale ng'ombe anapogoma, akakosea.

"Si hapo!" sauti ikatoka sebuleni.

Halafu kimya, kama mtu aliyetukana mbele ya wakwe.

"Si hapo nini, Baba?"

"Kiti. Nasema kiti hiki, si hapa pake."

Arminta alichungulia mlangoni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, mahali palepale kilipokaa miaka ishirini, macho kwenye Biblia, masikio mekundu. Ahaa. Arminta akarudi jikoni, akaupiga tena, akakosea tena, sasa kwa makusudi. Mzee akakohoa. Akasogeza kidole akapiga pengine. Mzee kimya. Akaenda mbele akakosea. Mzee kohoo!

Ikawa ndiyo shule yao. Kila Jumapili Arminta anatega kosa, baba anakohoa. Akipatia, baba hana neno. Hata kukaza nyuzi walikaza hivyo hivyo, kikohozi kwa kikohozi. Mzee hakuvunja nadhiri yoyote, maana hakupiga wala hakufundisha. Mtu mwenye vumbi la makaa kifuani nani atamwuliza kwa nini anakohoa? Na kwa kuwa hakuwahi kuvumilia kusikia wimbo ukiharibiwa, hata neema ya Mungu haikumtibu hapo.

"Kwa hiyo unamtega baba yako mzazi," alisema Zella. Huyu alikuwa mwenzake wa jiko la shule, mjane, mtu wa maneno. Walikuwa wakimenya viazi.

"Simtegi. Napiga vibaya tu."

"Makusudi."

"Makusudi."

"Jumapili, mtu katoka kuomba."

"Ndiyo siku anayoshinda nyumbani."

"Haya mama. Ukifika motoni nisalimie marehemu mume wangu, mwambie ile nyundo aliyoitafuta mpaka anakufa niliiona." Zella akatupa kiazi kwenye ndoo. "Na ukishaupata wote, iwe nini?"

"Nitalia."

"Yaani shida yote hiyo ni ya kulia? Mwenzangu, si kuna gunia zima la vitunguu pale!"

Arminta akacheka, kwa kuwa hapo ndipo pa kucheka. Zella hakucheka. Alimtazama usoni kwa muda, kisha akavuta ndoo akaendelea kumenya.

Mwaka wa pili haujaisha, nyembamba ikawa imekaa sawasawa, na kilema chake. Arminta aliipiga mwanzo mpaka mwisho, mzee asikohoe hata mara moja. Jumapili iliyofuata akaanza kutafuta nene. Alipiga kitu chochote huko chini kwenye nyuzi nene, akangoja. Kimya. Alishangaa. Haiwezekani awe amepatia kwa mara ya kwanza. Akapiga kingine kabisa, kisichofanana na kile. Kimya. Akapiga takataka. Kimya. Akachungulia sebuleni: mzee amekaa wima, Biblia imefungwa mapajani, anamtazama.

"Mbona umeacha?" baba akauliza.

"Nimechoka."

"Aa. Basi."

Hapo ndipo mambo yalipokwama, na yalikwama miaka. Arminta aliamua kwamba baba anamnyima. Nyembamba amempa kwa kuibiwa, ile nene ameikalia. Pengine wazee wa kanisa wamemsema, pengine ameona hiyo ni ya Delmas na binti asiiguse. Mtu mwingine angewaka. Arminta aliliangalia jambo hilo kama mtu anavyoangalia mvua ya jirani. Angeweza kuuliza. Mdomo anao, baba yuko hatua sita. Lakini watu wa bonde lile hawaulizi. Ukiuliza umemlazimisha mwenzako ajibu, na hilo kwao ni utovu wa adabu. Tena kwa nini aharakishe? Kesho ipo. Akawa kila Jumapili anapiga nyembamba, akifika kwenye nene anapiga lolote linalomjia, baba anakaa kimya, kisha wanakunywa kahawa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga wamesema, lakini hawa hata tumbo la kuuma hawakuwa nalo.

Miaka ilikwenda hivyo. Mapafu ya mzee Hobert yakajaa makaa yote aliyowahi kuchimba. Wakamletea mashine ya hewa yenye mipira ya kupitisha puani, wakasogeza kitanda sebuleni karibu na dirisha. Mwanzoni mwa Oktoba muuguzi alimwita Arminta nje barazani.

"Dada, sitakuficha. Ni wiki, si miezi."

"Sawa," Arminta akasema. "Unapenda maboga? Chukua moja, yatatuozea."

Muuguzi alichukua boga. Akiwa ndani ya gari aligeuka mara mbili kumtazama.

Jumapili ile hakwenda kanisani. Alimlisha baba uji wa mahindi vijiko vitano, cha sita akakikataa. Kisha akachukua banjo, na safari hii hakukaa jikoni. Alivuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda. Shauri lake lilikuwa moja: atapiga sehemu nene mbovu, mbovu kupita zote, yenye kuchukiza, ili mzee ashindwe kuvumilia na mwisho wa yote aseme. Akishakufa imekwenda, na Delmas atabaki mtu ambaye dada yake alikula sahani mbili siku ya maziko yake.

Akapiga nyembamba, taratibu. Ng'ombe akagoma pale anapogoma. Kisha akashuka kwenye nene bila kufikiri, akitupa vidole ovyo, akaruka mahali ambapo hapana sababu ya kuruka, akarudia kitu kimoja mara tatu kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Akamaliza. Mashine ya hewa ikapumua.

"Hiyo hiyo," mzee Hobert akasema.

"Nini?"

"Hiyo hiyo. Ndiyo yenyewe."

Arminta aliweka kiganja juu ya nyuzi. "Baba, si yenyewe. Nimeitunga sasa hivi. Nimeipiga vibaya makusudi ili ukasirike uniambie ilivyo."

"Najua."

"Unajua! Sasa mbona unaniambia ndiyo yenyewe?"

Mzee alivuta hewa, akaiweka, akavuta nyingine. Maneno yalikuwa yanatoka mawili matatu, kisha kupumzika.

"Kwa sababu sina nyingine."

"Jamani, Baba. Huna nyingine vipi? Ulikuwa ukiipiga kila Jumamosi."

"Nyembamba ni yangu, niliipata kwa babu yako. Nene ilikuwa ya Delmas. Aliitoa wapi, simjui aliyempa. Tukifika pale alikuwa anatangulia yeye, mimi namfuata kwa upinde, nafurahi tu. Sikuishika, mwanangu. Ya nini kuishika, na mwenyewe yuko hapo?"

Arminta aliilaza banjo mapajani.

"Jumatatu baada ya kumzika," mzee akasema, "niliitoa fidla. Nyembamba ikaja. Nikafika kwenye mlango wa nene, nikakuta hamna kitu. Nikarudi mwanzo. Mara nne nimerudi mwanzo. Hamna. Nikaogopa kuliko siku yoyote niliyokuwa chini ya ardhi. Nikaifunga, nikaisukuma chini ya kitanda, nikaenda kubatizwa."

"Ulibatizwa kwa ajili ya wimbo?"

"Nilibatizwa kwa ajili ya woga. Bwana anajua. Tumeshaongea, mimi na yeye, hana kinyongo." Akapumzika kidogo. "Halafu ukaja wewe na banjo. Nikasema, eh, huyu alikuwa anakaa pale kwenye ngazi, tangu mtoto, masikio mabichi, huyu anayo. Itamrudia. Ndiyo maana nilikukohoza ile nyembamba haraka haraka, ufike kwenye nene. Ulipofika nikafunga Biblia. Kila Jumapili nafunga Biblia. Nasema labda leo."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unaningoja mimi?"

"Wewe ulikuwa unamngoja nani?"

"Wewe!"

Wakatazamana. Mzee Hobert akaanza kucheka, kicheko kisicho na hewa, mabega tu yanaruka.

"Ebo!" akasema. "Tumetega ndoano pande mbili za bwawa lisilo na samaki."

Arminta aliangalia ndani yake aone kama sasa machozi yamekuja. Amekwisha kujua, hakuna tena cha kutafuta, wimbo wa kaka yake uko kilimani pamoja na mwenyewe, tangu Ijumaa ile. Kama ni kulia, ndiyo hapa. Hapakuja kitu. Macho makavu, mikono imelala juu ya banjo, ile ganzi yake ya siku zote imetulia mahali pake. Akafikiria kwenda kuchemsha kahawa.

"Piga tena," baba akasema.

"Nyembamba?"

"Ile nene uliyopiga sasa hivi."

"Ile takataka?"

"Ndiyo, hiyo. Ipige tena upesi, kabla hatujaisahau na hiyo."

Arminta alinyanyua mkono, na mkono ukabaki juu. Alianzia uzi gani? Aliruka wapi? Aliitupa ovyo, hakuitazama ilipoangukia, na mtu pekee mwingine aliyeisikia amelala hapa anahesabiwa pumzi. Akajaribu mwanzo. Haukuwa ule. Akajaribu tena. Hapo kitu kikamshika chini ya mbavu, kibaridi, kikapanda kifuani, na ilimchukua muda kukitambua kwa sababu alikuwa hajakutana nacho miaka kumi na tisa. Ilikuwa hofu.

"Baba, siipati," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Baba, ilianzia wapi? Imepotea!"

"Tulia. Mimi ninayo." Mzee alijiinua kidogo kwenye mto, akaitoa mipira ya hewa puani, akafungua kinywa. Akamwimbia takataka yake kwa sauti nyembamba iliyokatikakatika, ikashuka, ikaruka pale ilipotaka kuruka, kipande kwa kipande, akisimama kutafuta pumzi kila baada ya noti tatu.

Arminta aliifuata kwa banjo. Alimwangalia mzee mdomoni bila kupepesa, machozi yanamshuka mpaka kidevuni na hana mkono wa kuyafuta. Akawa anasema, "Tena, Baba, hapo tena, usiende haraka," na baba akawa anarudia.